Gunia Lavunda, Sumu Yashuka: Uchambuzi wa Kisa cha Kaushio la Pareto Mkoani Mbeya

## Usuli

Kisa hiki kinahusu biashara ndogo ya ukoo mmoja inayokausha maua ya pareto katika milima ya Uporoto, mkoani Mbeya. Majina ya wahusika, kijiji, mnunuzi na mwaka vimeondolewa, na vipimo vimekadiriwa ili biashara isitambulike. Mfuatano wa mambo umeachwa kama ulivyokuwa.

Pareto, ua lenye asili ya pwani ya Dalmatia, huhitaji ubaridi ili litoe maua mengi, na ndiyo sababu zao hili limejikita kwenye miinuko ya Mbeya, Iringa na Njombe badala ya mabonde ya Kyela au Usangu. Thamani yake iko katika pairethrini, kemikali zinazoua wadudu, ambazo wakulima huziita kwa kifupi sumu. Karibu sumu yote ya ua imo katika vijimbegu vilivyobanana ndani ya kitovu cha njano. Petali nyeupe zina kidogo sana, na kikonyo hakina cha maana. Jambo hili lilijulikana kwa kila mtu katika biashara hii, kwa kuwa hufundishwa katika kila semina ya zao hilo, lakini halikuongoza uamuzi wowote mpaka hasara ilipokuwa imekwisha kuwa kubwa.

Zaidi ya robo tatu ya uzito wa ua bichi ni maji. Kwa hiyo huhitajika kilo nne hadi tano za maua mabichi kupata kilo moja ya maua makavu yenye unyevu usiozidi asilimia 10, kiwango ambacho maua yanaweza kuhifadhiwa bila kuota kuvu. Ubaridi na ukungu wa milimani, ambao ndio unaolifanya ua lizae vizuri, ndio pia unaofanya kulikausha kuwe kazi ngumu, hasa kuanzia mvua zinapokolea hadi zinapokatika mwezi wa nne au wa tano.

Jengo la kukaushia ni chumba cha matofali ya kuchoma chenye rafu za trei za wavu, zilizopangwa ngazi kwa ngazi kutoka karibu na sakafu hadi karibu na dari. Jiko la kuni liko nje ya ukuta. Moshi hutoka kwa bomba lake, na hewa ya moto huingia chumbani kupitia chini ya rafu. Nyuma ya jengo kuna kaushio la sola lililofunikwa kwa karatasi ya nailoni, ambalo hufaa siku za jua tu. Mzee mwenye biashara hushughulikia fedha na mauzo, na binti yake husimamia kazi za kila siku pamoja na wafanyakazi wachache, wengi wao wakiwa akina mama wa jirani, na mchochea moto wa usiku.

Wakulima walilipwa papo hapo kwa uzito wa maua mabichi. Biashara yenyewe ililipwa na mnunuzi wa maua makavu kwa uzito na kwa kiwango cha sumu. Maana yake ni kwamba mlangoni biashara ilinunua maji pamoja na maua, na ilipofika kuuza haikulipwa kwa maji hayo. Wakati wa kiangazi pengo hilo halikuumiza mtu.

## Tatizo lilivyojitokeza

Mwanzoni mwa msimu, jua lilipokuwa bado linapatikana, mizigo ilipokewa bila manung'uniko na sumu ilikuwa karibu asilimia 1.4. Mvua zilipokolea mambo yalibadilika. Mnunuzi alirudisha magunia kadhaa yaliyokuwa yanatoa harufu ya uvundo, na yalipofunguliwa yakakutwa na kuvu, si gunia zima, bali kwa mafungu katikati, huku maua ya kuzunguka mafungu hayo yakiwa makavu na mazuri. Magunia mengine ya mzigo huohuo yalipita kipimo cha unyevu lakini sumu yake ilikuwa imeshuka.

Baadaye kidogo, likajitokeza jambo la tatu ambalo halikutiliwa maanani kwa sababu liliandikwa kwenye daftari la fedha na si la kazi: uzito wa maua makavu ulikuwa haulingani na maua mabichi yaliyonunuliwa. Ilifikia mahali ambapo karibu kilo sita za maua mabichi zilihitajika kupata kilo moja kavu.

Kwa hiyo kulikuwa na malalamiko matatu: kuvu, sumu ndogo na uzito uliopotea. Kila moja lilipewa mkosaji wake. Kuvu ililaumiwa kwa kaushio, kwamba ni dhaifu kwa masika. Sumu ndogo ililaumiwa kwa maabara ya mnunuzi, kwamba inapunja. Uzito uliopotea uliangukia wafanyakazi wa zamu ya usiku, ambao mzee aliamini wanatoa maua makavu na kuyauza pembeni.

## Uamuzi wa kwanza: kuongeza moto

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa kuongeza kuni. Ulikuwa uamuzi wenye mantiki kwa mtu aliyekuwa na gunia lililovunda mbele yake na mnunuzi anayetishia kuacha kuchukua mzigo: maua hayajakauka, basi yakaushwe zaidi. Kipimajoto pekee kilichokuwapo kilining'inizwa kwenye fremu ya mlango, na mchochea moto aliagizwa asiruhusu kishuke chini ya digrii 50.

Agizo lilitekelezwa, na kuvu ikapungua. Hata hivyo mizigo iliyofuata ilirudi na sumu ndogo kuliko ile ya kabla, chini ya asilimia 1, na uzito ukazidi kupungua. Mzee aliona upungufu huo kama uthibitisho wa wizi, akamwachisha kazi mchochea moto. Pia aliagiza magunia yenye dalili ndogo za kuvu yachanganywe na yaliyo safi ili yasionekane. Mzigo ule wote ulishushwa daraja, na magunia mazuri yakalipwa bei ya mabovu.

Wakati huohuo, akijaribu kufidia hasara, alipunguza bei ya maua mabichi kwa wakulima wote bila kutofautisha. Waliokuwa wakileta maua safi walipunguziwa sawa na waliokuwa wakileta yaliyolowa, na baadhi ya wale wazuri ndio walioondoka kwanza, kwa kuwa walikuwa na uwezo wa kukubaliwa kwingine.

## Kufuatilia mzigo mmoja

Binti wa mzee ndiye aliyependekeza njia nyingine. Badala ya kubishana juu ya magunia ambayo tayari yalikuwa yamechanganyika, aliomba mzigo mmoja ufuatwe kutoka mzani wa kupokelea hadi gunia la kuuzia, ukiwa na kitambaa cha rangi kilichofungwa kwenye kila trei yake. Mwandishi wa uchambuzi huu alihusika katika hatua hii kama mshauri wa kazi za baada ya mavuno. Vifaa vilivyoongezwa vilikuwa vya bei ndogo: vipimajoto vya ziada, mzani mdogo wa jikoni, chupa za kioo zenye mfuniko, na kipima unyevu wa hewa cha aina inayouzwa kwa matumizi ya nyumbani.

Dosari ya kwanza ilionekana kabla maua hayajafika kwenye trei. Maua yalikuwa yakiletwa kwa bodaboda ndani ya mifuko ya salfeti iliyoshindiliwa na kufungwa kamba. Mengi yalichumwa alfajiri yakiwa na umande, kwa sababu mbili zilizokwenda pamoja: akina mama walitaka kumaliza kuchuma kabla ya kwenda kwenye mashamba ya viazi, na ua lenye umande ni zito zaidi mzanini. Mkono ulipoingizwa katikati ya mfuko ulipokea joto. Maua yalikuwa yamechemka, na petali za katikati zimeanza kuwa kahawia. Ua lililochumwa bado linapumua na kutoa joto, na likishindiliwa likiwa limelowa joto hilo halina pa kutokea, hivyo uvundo na upotevu wa sumu huanza hapohapo. Trei zilipokuwa zimejaa, mifuko hiyo ilisubiri hadi kesho yake bila kufunguliwa.

Kulikuwa pia na vikonyo. Ua la pareto linapaswa kuchumwa kichwa tu, wakati petali zimelala na safu tatu au nne za vijiua vya njano zimefunguka. Sampuli zilizochambuliwa kwa mkono zilikuwa na vikonyo virefu, vichwa ambavyo havijafunguka na vingine vilivyokwisha kupukutika. Hakuna kati ya hivyo kinachoongeza sumu, ila vyote huongeza uzito wa kulipiwa.

Dosari ya pili ilikuwa ndani ya chumba. Vipimajoto vilipowekwa juu ya trei zenyewe, trei ya chini kabisa ilisoma zaidi ya digrii 70 wakati ya juu ilikuwa kwenye arobaini na kitu, huku kile cha mlangoni kikionyesha 50 kwa utulivu mkubwa. Hewa ya moto ilikuwa inakausha trei za chini kupita kiasi, inabeba mvuke wake kwenda juu na kuulowesha upya mzigo wa trei za juu. Asubuhi trei zote zilimwagwa kwenye lundo moja, likachanganywa kwa koleo, likafungashwa. Hapo ndipo yalipopatikana yale mafungu ya kuvu: vichwa vibichi vya trei za juu vilivyokaa pamoja ndani ya maua makavu.

Ilibainika pia kwamba hata ua lililoonekana kavu halikuwa kavu. Wafanyakazi walipima ukavu kwa kuvunja petali, na petali hukauka mapema sana, wakati kitovu ni kinene na hushikilia maji. Ua lenye petali zinazokwaruza na kitovu kinachobonyea likifungashwa, maji ya kitovu husambaa taratibu ndani ya gunia, na baada ya siku chache gunia lililofungwa likiwa kavu hukutwa lina jasho. Hili lilithibitishwa kwa chupa za kioo: maua yaliyotoka kwenye trei yalifungiwa pamoja na kipima unyevu wa hewa na kuachwa mpaka kesho yake. Kipima kikisoma zaidi ya asilimia 65 ndani ya chupa, kuvu ina nafasi ya kuota. Maua ya trei za juu yalizidi 75, na hata ya trei za kati hayakuwa salama yote.

Ghala lilimaliza kazi hiyo mbaya. Magunia yalisimamishwa juu ya sakafu ya saruji, yakiegemea ukuta, na mlango uliachwa wazi asubuhi, saa za ukungu. Maua makavu ya pareto hunyonya unyevu wa hewa haraka, kwa hiyo hata yaliyokaushwa sawasawa yalikuwa yanarudi nyuma.

## Vumbi la bandani

Mpaka hapo kuvu ilikuwa na maelezo ya kutosha. Sumu iliyoendelea kushuka baada ya kuongeza moto ilikuwa na maelezo nusu: joto la juu kwa muda mrefu huharibu pairethrini. Uzito uliopotea haukuwa na maelezo kamili. Umande ulieleza sehemu yake, lakini si yote.

Jibu lilitoka kwa mama mmoja wa makamo aliyekuwa akifagia chumba kila asubuhi. Alipoona binti anaagiza takataka za sakafuni zipimwe kabla ya kumwagwa shimoni, alisema kwa wasiwasi kidogo, kama mtu anayeungama: "Mwanangu, hilo vumbi mimi huwa nalibeba kupeleka nyumbani. Tangu nimeanza kulinyunyiza bandani, kuku wangu hawana kiroboto hata mmoja."

Vumbi hilo lilipopepetwa lilikutwa limejaa vijimbegu. Ua lililokaushwa kupita kiasi hugeuka kuwa tete, kitovu chake hupasuka kila trei inapoguswa, na vijimbegu, ambavyo ndivyo vyenye sumu, hupenya kwenye wavu na kuanguka sakafuni. Kilichobaki kwenye trei ni petali na maganda ya kitovu, vitu vyenye sura ya pareto nzuri. Moto ulipoongezwa, upukutikaji uliongezeka, na ndiyo maana uzito na sumu vilishuka kwa pamoja. Sampuli ya vumbi lililopepetwa ilipopelekwa kwa mnunuzi kama mzigo wa kawaida, sumu yake ilikuwa juu ya ile ya magunia yote ya mwezi ule, pamoja na kwamba ilikuwa bado na mchanga kidogo.

Kwa maneno mengine, uzito uliodhaniwa kuibwa ulikuwa unafagiliwa kila asubuhi mchana kweupe, na maabara iliyodhaniwa kupunja ilikuwa inasema kweli.

## Mabadiliko yaliyofanywa na sababu zake

Wazo la kwanza mezani lilikuwa kununua kaushio jipya lenye feni. Lilikataliwa kwa sababu ya gharama, na kwa sababu umeme wa eneo lile hukatika mara kwa mara katika msimu uleule wa mvua ambao feni ingehitajika. Sababu nyingine, ambayo kwa maoni yangu ilikuwa na uzito kuliko hizo mbili, ni kwamba kaushio jipya lingepokea maua yaleyale yaliyochemka.

Moto ulipunguzwa, na kipimajoto cha kuongozea kikahamishiwa trei ya chini kabisa, kikiwa na mpaka wa digrii 55. Trei zilianza kuzungushwa, za juu zikishuka na za chini zikipanda, kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Tabaka la maua kwenye trei lilipunguzwa kutoka unene wa kiganja hadi vidole viwili. Tundu la kutolea mvuke lilipanuliwa karibu na dari, kazi iliyochukua fundi mmoja asubuhi moja na ambayo huenda ndiyo iliyoleta nafuu kubwa kuliko zote za chumbani kwa gharama ndogo kuliko zote. Mabati yaliwekwa chini ya rafu, yakiachiwa nafasi pembeni ili hewa ipite, na vijimbegu vilivyoanguka vilirudishwa ndani ya gunia la mzigo wake uleule. Wafagiaji walipewa barakoa na glovu, kwa sababu vumbi la pareto huwasha ngozi na kusumbua pua, jambo ambalo wafanyakazi walikuwa wamelizoea kiasi cha kutolitaja.

Baada ya kutoka kwenye trei, maua yalipumzishwa usiku mmoja ndani ya chumba kikavu yakiwa yamefunikwa kwa kitambaa, kisha sampuli zikapimwa kwa chupa. Chupa ikisoma zaidi ya 60, mzigo ulirudi kwenye trei. Mpaka huo uliwekwa chini ya ule wa hatari kwa makusudi, kwa kuwa vipima vya bei ndogo havikubaliani vyenyewe kwa vyenyewe. Ghalani magunia yaliinuliwa juu ya chaga, mbali na ukuta, na mlango ukawa unafunguliwa baada ya ukungu kuondoka.

Gumu zaidi lilikuwa la mlangoni. Tabaka jembamba na moto mdogo vilimaanisha kwamba chumba kinameza maua machache kwa siku. Kuendelea kupokea kila kitu kungerudisha mifuko ya kusubiri. Iliamuliwa kila upande wa kata uwe na siku zake za kuleta, mapokezi yaanze saa nne asubuhi umande ukishakauka, na maua yaletwe kwenye matenga au magunia yaliyolegea badala ya salfeti iliyoshindiliwa. Kukawa na bei mbili: ya juu kwa maua makavu kwa nje, yasiyo na vikonyo, na ya chini kwa mengine. Mzee alipinga bei mbili mwanzoni, akihofia ugomvi wa kila siku mzanini. Alikubali baada ya binti yake kumwonyesha, kwa tenga moja lililoanikwa hadi umande ukaisha na kupimwa tena, kiasi cha maji aliyokuwa anayalipia.

Magunia yaliyokwisha kuota kuvu hayakuchanganywa tena. Yaliteketezwa, na hasara yake ikaandikwa.

## Matokeo

Katika mizigo iliyofuata, magunia ya kurudishwa yaliisha isipokuwa mara moja, ambapo trei hazikuzungushwa usiku wa msiba kijijini. Uwiano wa maua mabichi kwa makavu ulirudi chini ya kilo tano kwa moja. Sumu ilipanda hadi karibu asilimia 1.3, yaani haikurudi kabisa pale ilipokuwa wakati wa kiangazi.

Mapato ya mwezi wa kwanza wa utaratibu mpya yalikuwa madogo kuliko ya mwezi uliotangulia, kwa sababu kiasi kilichopokelewa kilipungua. Yalianza kupanda baada ya bei ya sumu kurekebishwa na mnunuzi. Wakulima wa upande mmoja wa kata, walioona siku walizopangiwa kuwa hazifai kwa sababu ya siku ya mnada, hawakurudi mpaka kisa hiki kinaandikwa. Mchochea moto aliyeachishwa aliombwa radhi na kuitwa kazini. Alikubali radhi, kazi akaikataa.

## Uchambuzi

Kosa la msingi la uchunguzi wa awali halikuwa uvivu wala ukosefu wa vifaa. Kila dalili ilitibiwa pale ilipoonekana, na kwa kuwa kuvu huonekana kwa macho na kunuka, ilipewa kipaumbele dhidi ya upotevu wa sumu ambao hauna sura. Dawa ya kuvu ikawa chanzo cha upotevu wa sumu. Endapo daftari la fedha na la kazi yangesomwa pamoja wiki ileile moto ulipoongezwa, ingeonekana kwamba uzito ulianza kuanguka kwa kasi tangu siku ile, na shaka isingewaangukia watu wa zamu ya usiku.

Kilichofanya kazi vizuri zaidi ni kuufuata mzigo mmoja ukiwa na alama. Magunia yaliyochanganywa hayawezi kueleza historia yake, kwa sababu wastani wa trei iliyoungua na trei iliyolowa ni gunia linaloonekana la kawaida. Kuhamisha kipimajoto kutoka mlangoni hadi kwenye trei kulikuwa na thamani hiyohiyo: kilikuwa kinapima kwa usahihi joto la mahali ambapo hapakuwa na ua hata moja.

Yapo yaliyofanywa vibaya hata katika awamu nzuri. Mabadiliko ya chumbani na ya mlangoni yalianza karibu kwa pamoja, hivyo haiwezekani kusema ni sehemu gani ya sumu iliyorudi ilitokana na moto mdogo, ipi na mabati, na ipi na maua yasiyochemka. Biashara inayopoteza fedha kila siku haiwezi kulaumiwa kwa kutosubiri, lakini athari yake ni kwamba sasa haijui ni hatua ipi kati ya hizo inaweza kulegezwa kazi inapozidi. Mimi ningelegeza kupumzisha kabla ya kulegeza mapokezi, kwa kuwa ua lililochemka kwenye mfuko halirudishiwi sumu na hatua yoyote ya baadaye, wakati ua lenye kitovu kibichi linaweza kurudishwa kwenye trei. Binti haafikiani nami katika hili. Kwake chupa ndiyo inayomwezesha kulala usiku.

Sumu ambayo haijarudi ina maelezo kadhaa yanayowezekana. Mashamba mengi ya eneo lile hupandwa kwa kugawa vishina vya zamani ambavyo havijabadilishwa kwa muda mrefu, na uwezo wa mmea kuzalisha sumu hutofautiana sana kutokana na mbegu. Hilo haliwezi kutatuliwa na mkaushaji peke yake, ingawa bei mbili zinamgusa mkulima mahali ambapo semina haijamgusa.

Jambo la mwisho linahusu uchukuaji wa sampuli. Biashara haikuwa imehifadhi sampuli yoyote ya mizigo ya mwanzo, hivyo ugomvi wake na maabara ya mnunuzi haukuwa na namna ya kuamuliwa, na ulidumu kwa maneno tu. Baadaye iligundulika kwamba upande wa mnunuzi nao ulikuwa na dosari ndogo, ingawa si ile iliyodhaniwa: karani alichota maua ya juu ya gunia, na gunia lililosafiri kwenye barabara ya milimani huwa limetikisika kiasi cha vijimbegu kushuka chini, hivyo chota ya juu husema sumu ni ndogo kuliko ilivyo. Mnunuzi alikubali kwamba katika kila mzigo baadhi ya magunia yamwagwe na kuchanganywa kabla ya kuchotwa. Kwa mengine anaendelea na njia ya zamani, na biashara sasa huweka sampuli yake ya kila mzigo katika chupa iliyofungwa, gizani, yenye namba ya mzigo na tarehe, mpaka malipo yatakapoingia.